Mtaa Si Mahali pa Kulala Tu

Wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam wamejenga Goba, Madale na Kibamba wakitafuta utulivu. Hilo si kosa. Kosa ni kuugeuza mtaa kuwa mahali pa kulala tu. Mtu huondoka alfajiri kuwahi daladala, hurejea usiku na kujifungia ndani ya ukuta wake. Mkutano wa mtaa ukiitishwa Jumapili, haonekani. Lakini barabara ikiharibika, ndiye wa kwanza kulalamika!

TANU ilipounda mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, ilikusudia jirani amjue jirani na sauti yake iwafikie viongozi. Mtumishi na mwalimu wamesomeshwa na umma. Elimu yao haina budi kuutumikia mtaa pia. Ukuta humzuia mwizi, haujengi barabara.