Tende za moto na jibini

Makala ya tende zilizojazwa jibini ni nzuri, ila dakika 20 za oveni inazoelekeza sikubaliani nazo hata kidogo. Tende imejaa sukari. Ukiichoma muda wote huo inakuwa ngumu kama peremende, na jibini yote imeshamwagikia kwenye trei. Yalinikuta. Trei niliiloweka usiku kucha, na bado nikaikwangua kwa kisu.

Mimi siku hizi natumia kikaango tu. Napasua tende upande mmoja, natoa kokwa, najaza jibini laini ya mbuzi kama nusu kijiko cha chai, kisha nazipanga zikitazama juu. Moto mdogo, nafunika, dakika 3 au 4. Ngozi ikianza kung'aa na jibini ikilegea ukingoni, naepua. Juu pilipili manga kidogo na korosho zilizopondwa. Asali ya nini tena, jamani? Tende yenyewe ni asali.

Ukikosa jibini ya mbuzi, ile ya kupaka mkate inafaa. Halloumi hapana, haiyeyuki. Tende chagua zenye nyama laini, kama khalas ya Oman. Na wageni waketi kwanza ndipo uwashe jiko, maana zikipoa hazina ladha.