Maneno ya Kiingereza: "Pig out"

Mwezi huu twatazama maneno mawili yaendayo pamoja, "pig out". Neno "pig" peke yake ni nguruwe, na "out" ni nje. Basi mtu akiyafasiri moja moja atadhani ni habari ya nguruwe aliyetoka bandani. Sivyo. Yakiunganishwa huwa kitendo kimoja, na maana yake ni kula kupita kiasi, kwa kuifuata tamaa pasipo kujizuia. Si maneno ya kale: yalienea Marekani katika miaka ya 1970, na hata leo ni maneno ya mazungumzo na mzaha, si ya barua ya heshima.

Chakula chenyewe hutanguliwa na "on". Husemwa, "We pigged out on mangoes," yaani, tuliyafakamia maembe. Angalieni, herufi g huandikwa mara mbili. Mtu asiseme, "We pigged out the mangoes". Hilo ni kosa.

Walakini kosa lililo kubwa zaidi si la sarufi. Zamani nilipokuwa nikifundisha, niliwaambia wanafunzi kwamba maana yake ni "kula sana", nikaishia hapo. Kijana mmoja akamwandikia mgeni aliyekula kwao, "You pigged out at our house." Yeye alitaka kusema, ulikula ukashiba, nasi tulifurahi. Mgeni alisoma kwamba ameitwa mlafi. Kijana hakuwa na hatia. Mimi ndimi niliyempa nusu ya maana.

Mwingereza hujisema hivyo mwenyewe, akicheka, au pamoja na rafiki zake. Lakini kumwambia hivyo mgeni au mkubwa ni kumvunjia heshima. Nasi tulio na jirani Waislamu, ambao nguruwe kwao ni haramu, yatupasa kuangalia zaidi. Kwa mgeni yafaa kuandika, "We are glad you enjoyed the meal," yaani, twafurahi kwamba chakula kilikupendeza.

Hata katika lugha yetu, kula, kushiba na kufakamia si jambo moja. Ni nani awezaye kumwambia mkwewe, "Jana ulifakamia"? Basi, enyi walimu na wazazi, mfundishapo maana ya neno, fundisheni pia ni nani awezaye kuambiwa.