Shingo si kifuniko cha chupa

Kwenda kwa kinyozi jijini Nairobi siku hizi si kunyolewa tu. Mashine ikishanyamaza, mteja huoshwa kichwa, hupakwa spiriti na kukandwa mabega. Kisha, kabla hajang'amua, mikono miwili humshika kidevu na kisogo. "Tulia, bosi," huambiwa. Kichwa huzungushwa ghafla kulia, ka! Halafu kushoto, ka! Mteja huondoka akitabasamu, akiamini kwamba mfupa uliokuwa umehama umerudishwa mahali pake.

Hakuna mfupa uliohama, wala uliorudi. Mlio huo ni wa gesi. Kiungo kimefunikwa kwa mfuko mdogo wenye ute wa kulainisha mifupa. Mifupa ikitenganishwa kwa ghafla, shinikizo ndani ya ute hushuka na gesi iliyoyeyuka humo hujitenga, mithili ya soda inapofunguliwa. Mnamo 2015 watafiti wa Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI za vidole vikivutwa hadi vialike, wakaona uwazi wa gesi ukitokea papo hapo mlio uliposikika. Gesi hiyo huchukua kama dakika 20 kuyeyuka tena, ndiyo maana kidole ulichokialisha sasa hivi hakikubali kualika mara ya pili.

Daktari mmoja Mmarekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60 na kuuacha wa kulia. Hakuona tofauti yoyote ya ugonjwa wa viungo kati ya mikono hiyo. (Mwaka wa 2009 alituzwa kwa kichekesho hicho cha kisayansi.) Basi, ikiwa vidole havikudhurika, mbona tuihofie shingo?

Kwa sababu kidole hakina mshipa uendao kwenye ubongo. Shingo ina pingili saba. Ya kwanza, iitwayo atlasi, ni kama pete iliyovishwa kigingi cha ile ya pili, na hapo ndipo karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hufanyika. Kando ya pingili sita za juu mna matundu, na ndani ya matundu hayo hupanda ateri mbili, moja kila upande, zinazolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Sehemu hiyo husimamia kuona, kumeza na kusimama bila kuyumba. Ateri hizo zikifika kwenye atlasi hupinda kama bomba kwenye kona ya ukuta, ndipo ziingie fuvuni. Kichwa kikizungushwa kwa nguvu hadi mwisho, kona hiyo ndiyo inayovutwa. Utando wa ndani wa mshipa ukichanika, damu huweza kuganda hapo, na donge likisafiri hadi kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi, hata awe kijana wa chuo.

Ajali hizi ni chache, na lazima tuseme ukweli wote. Mnamo 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba uhusiano kati ya kuzungushwa shingo na kuchanika kwa mishipa upo, ila haijathibitishwa kwamba kimoja ndicho kisababishi cha kingine. Wengine huenda kutibiwa maumivu ya shingo kumbe mshipa umekwisha kuchanika. Lakini mtaalamu aliyesomea kazi hii humhoji na kumpima mgonjwa kwanza, kisha husukuma kiungo kwa umbali mdogo sana, chini ya sekunde moja. Kinyozi hakuulizi kama una shinikizo la damu au kama jana uligongwa na matatu. Hukifanya kidevu chako mpini na kuzungusha.

Mabega na akandwe. Hilo halina neno. Kuhusu shingo, mwambie mapema, kabla hajaweka taulo: "Usiizungushe." Mzazi amwambie kinyozi hivyo hivyo anapompeleka mwanawe.

Na yeyote ambaye shingo yake imezungushwa, kisha akapatwa na maumivu mapya makali ya shingo au kisogo, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito au kuyumba, akimbizwe hospitalini. Dalili huweza kuchelewa kwa saa au siku kadhaa. Daktari aambiwe wazi kwamba shingo ilialishwa kwa kinyozi, hata kama ilikuwa juzi, kwani hilo hawezi kulikisia.