MAMBO YA NYUMBANI: Koko amesahau robine



Juma hili tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani maji yaliyomwagika ndani ya nyumba. Lakini kwa ajili ya maji hayo mama mmoja mzee alikuwa karibu kufukuzwa na watoto wake mwenyewe.

Tuliitwa na jamaa moja ya parokia yetu asubuhi na mapema. Katika mtaa wao, kama katika mitaa mingi ya miji yetu, maji hukatika mchana na kurudi usiku. Nyanya wa nyumba ile, ambaye wajukuu humwita Koko, alifungua robine mchana ili ajaze bidoni yake. Maji hayakutoka. Akaenda zake, wala hakukumbuka kufunga. Usiku wa manane maji yakarudi. Watoto waliolala mkekani wakaamka wamelowa, mfuko wa unga ukaharibika, na madaftari ya shule yakawa kama uji. Ilikuwa mara ya tatu. Tulipofika, mkwe mmoja alikuwa akisema kwa sauti kubwa: «Mama huyu anazunguka usiku na kutumwagia maji. Huu ni uchawi!» Naye Koko alikaa kimya kitini pake, kisha akatuuliza kwa upole ni nani aliyemwaga maji yale.

Ndugu, tusitaje uchawi mahali penye ugonjwa. Kuna maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu ya mtu polepole. Mwaka 1906 daktari Mdachi, Alois Alzheimer, aliwaeleza madaktari wenzake hali ya mwanamke mmoja aliyeugua hivyo, na hata leo maradhi hayo yanaitwa kwa jina lake. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na maradhi ya namna hii, na zaidi ya 60 katika kila 100 waliishi katika nchi zisizo tajiri. Mgonjwa aweza kusimulia harusi yake ya zamani, lakini husahau alichokifanya sasa hivi. Kumgombeza kwafaa nini? Onyo la leo hatalikumbuka kesho. Kwa hiyo tubadilishe mipango ya nyumba, maana yeye hawezi kujibadilisha.

Siku hizi kunauzwa kengele ndogo za maji. Chombo chenyewe chaweza kuenea kiganjani, nacho huwekwa sakafuni, karibu na robine, mahali palipo chini zaidi, kwa kuwa maji hufuata mteremko. Chini yake mna ncha mbili za chuma zisizogusana. Maji ya robine hupitisha umeme. Basi, yakizifikia ncha zote mbili, umeme wa betri hupita, na kengele hulia. Kuna vingine vinavyopeleka habari kwa simu, lakini hivyo huhitaji mtandao. Katika nyumba ambamo umeme hukatika mara kwa mara, kile cha betri kinafaa zaidi. Kila mwezi kijaribuni kwa kitambaa kilicholowa, mjue kama betri ingali na nguvu.

Nanyi wanafunzi, kama fedha hazipo, twawapa kazi ya mikono. Chukueni kibanio cha nguo, mfunge waya mmoja katika kila mdomo wake, na ncha za waya ziwe wazi. Kati ya midomo wekeni kidonge kinachoyeyuka upesi majini. Unganisheni waya na kengele ndogo na betri za redio. Maji yakifika, kidonge huyeyuka, kibanio hufumba, waya hugusana, na kengele hulia. Msitumie kipande cha sukari, maana sisimizi watakila, nanyi mtaamshwa bure! Wala msithubutu kamwe kutumia umeme wa ukutani, kwa maana umeme huo na maji pamoja huua.

Lakini tusijidanganye. Kengele hulia tu, haifungi maji. Tena mzee mgonjwa aweza kuogopa mlio wake, asijue maana yake, akakimbia gizani na kuteleza. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri ule, taabu ni kubwa. Kwa hiyo mambo matatu yanatakiwa. Kwanza, mlio usikike chumbani mwa mtu mzima mwenye akili timamu. Pili, jamaa ipatane ni nani atakayeamka, usiku huu nani na usiku wa kesho nani, ili mzigo usimlemee mkwe mmoja peke yake. Tatu, kabla ya kulala mtu apitie robine zote, aondoe kizibo cha beseni ili maji yapate njia ya kutoka, au afunge maji kabisa pale karibu na mita. Wazee wetu walisema: Maji yakimwagika hayazoleki.

Jamaa ile ilifanya hivyo. Baadaye maji yalirudi tena usiku, na robine ilikuwa wazi. Kengele ikalia, na mjukuu mkubwa akaamka na kuifunga kabla maji hayajafika mkekani. Alimkuta Koko amesimama mlangoni akitetemeka. Akamshika mkono, akamwambia: «Koko, ni maji tu, yamekwisha,» akamrudisha kitandani. Mkwe aliyesema habari ya uchawi alisikia yote toka chumbani mwake. Asubuhi yeye ndiye aliyemletea Koko chai.

Wapenzi wasomaji, katika sura ya tatu ya kitabu cha Yoshua bin Sira tunafundishwa kumvumilia mzazi hata akili zake zinapopungua. Amri ya nne haikuwekewa mpaka wa umri wala wa afya. Tena, mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Wazazi Wakuu na Wazee, Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya watakatifu Yoakimu na Anna. Siku hiyo wengi huwaletea wazee maua na nyimbo. Ni vema. Lakini yule anayeamka saa nane za usiku kufunga robine, pasipo kunung'unika, naye anaiadhimisha siku hiyo mwaka mzima.

Mungu awalinde wazee wenu, na ninyi mnaowalinda.