Mgeni Ndani ya Kompyuta

Hapa kwetu Shella, Malindi, mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi. Ndivyo dini ilivyotufunza. Sasa vijana wachezao Valorant kwenye kompyuta wamkaribisha mgeni mwingine: Vanguard, programu ya Riot Games ya Marekani, iliyotoka mwaka 2020 kuwanasa wadanganyifu. Yeye huingia hadi kiini cha mfumo na huamka kompyuta iwashwapo, mchezo haujafunguliwa. Hodi yake ni moja, masharti marefu yasiyosomwa. Ukimtoa, mchezo hauchezeki.

Udanganyifu ni haramu, sikatai. Lakini mwamuzi hukagua uwanja, si chumba cha kulala. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, yatambua haki ya faragha. Vijana, someni kabla ya kuitika "karibu".