Mbwa Naye Afundwe, Tena kwa Kiswahili



Juzi niliuliza darasani nani ana mbwa nyumbani. Kati ya watoto 18, mikono saba iliinuka. Nikauliza swali la pili: nani akimwambia mbwa wake akae, anakaa? Ikabaki mikono miwili, na mmoja ulikuwa umeanza kushuka.

Ndiyo maana naandika. Maoni yangu ni haya: familia ikishakubali mbwa aingie ndani, kumfundisha si hiari tena. Na katika nyumba zetu, afundishwe kwa Kiswahili.

Wengi wetu hatukulelewa hivyo. Kwetu Morogoro mbwa alikuwa mlinzi. Mchana anafungwa, usiku anafunguliwa, chakula chake ukoko wa ugali na mifupa. Getini kuna kibao: "Mbwa mkali". (Watoto, mkienda nyumbani mtaona vibao vingine vimeandikwa "mbwa kali". Ni kosa. Mbwa ana uhai, anafuata ngeli ya A-WA: mbwa mkali, mbwa wakali.) Mbwa yule hakufundishwa adabu, kwa sababu ukali ndio uliokuwa kazi yake. Akikosea, alipata jiwe.

Hapa Minnesota mbwa analala sebuleni, anapanda lifti, anatembea na sisi kandokando ya Bde Maka Ska katikati ya watoto wa watu. Makazi yamebadilika, lakini wengi wetu bado tunamlea kwa jiwe.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Tulipochukua mbwa mwaka 2020, mwanangu alikuwa na miaka tisa. Mbwa akikojoa kwenye zulia, nilimsukumia pua palepale na kumchapa kwa gazeti. Baada ya miezi mitatu hakuwa ameacha kukojoa ndani. Alikuwa amejifunza tu kukojoa nyuma ya kochi, nisikomwona. Kisha jioni moja mwanangu aliinua mkono kuchukua rimoti, na mbwa akamng'ata kiganja. Alidhani anapigwa.

Mimi ni muuguzi, vidonda vya mbwa nimevifunga vingi. Kile nilikifunga nikijua aliyekisababisha ni mimi. Mume wangu akasema kesho mbwa arudishwe. Mwanangu akauliza, "Mama, anarudishwa kwa sababu niliinua mkono?" Sikuwa na jibu. Mbwa akabaki, na mimi ndiye niliyeanza kujifunza.

Kilichonishangaza ni kwamba elimu hiyo ilikuwa kwetu Morogoro siku zote. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akifanya sawasawa, anasikia mlio mdogo wa "tik", kisha anapewa kipande cha ndizi au karanga. Hachapwi. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Kama panya anafundishika kwa ndizi, mbwa wako hashindwi kwa kipande cha kuku.

Basi tuanze hivi.

Kwanza, neno moja. Baba anasema "kaa", mama "keti", bibi "tulia", na dada anatumia Kiingereza. Mbwa anasikia kelele tu. Andikeni maneno matano, myabandike kwenye friji: kaa, njoo, ngoja, acha, lala. Kila mtu nyumbani ayatumie hayohayo.

Pili, malipo ya papo hapo. Chukua kipande cha kuku wa kuchemsha, kidogo kama punje ya harage. Kipitishe juu ya pua ya mbwa kuelekea kisogoni. Kichwa kikipanda, makalio yatashuka. Yakigusa sakafu tu, sema "vizuri!" na umpe. Akishauzoea mwendo huo, ndipo uongeze neno "kaa", na uliseme mara moja, si mara sita. Dakika tano, mara tatu kwa siku, zinatosha. Ila kuku huyo asitoke kwenye mchuzi: vitunguu ni sumu kwa mbwa, na vivyo hivyo zabibu na chokoleti.

Tatu, choo. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili hivi. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na umsifu palepale anapomaliza haja. Ndiyo, hata Januari. Mkirudi, mfute miguu, maana chumvi ya barabarani inamuunguza. Akikojoa ndani, futa na unyamaze. Gazeti ni la kusoma.

Nne, mapema. Samaki mkunje angali mbichi. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 ya maisha yake, mbwa huamua kipi cha kawaida na kipi cha kuogopwa. Aone hijabu, kofia, baiskeli, mzee mwenye mkongojo, mashine ya kuondolea theluji. Kama chanjo hazijakamilika, mbebe mikononi.

Ukikwama, Animal Humane Society hapa kwetu wana madarasa ya kufundishia mbwa. Na mjue kwamba sheria ya Minnesota, kifungu cha 347.22, inambebesha mwenye mbwa gharama ikiwa mbwa wake amemuumiza mtu ambaye hakumchokoza. "Hajawahi kung'ata" si utetezi.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi hasa. Wahenga walisema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Shuleni kwetu kuna familia za Kiislamu, na majirani zetu wengi, Wasomali na wengine, ni Waislamu. Mate ya mbwa yakimgusa mtu anayekwenda kusali, kwa wengi wao ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mbwa anapomrukia mama wa watu kwenye lifti, usimwambie, "Usiogope, haumi." Huenda hayaogopi hata hayo meno, anafikiria sala yake. Fupisha kamba, mweke mbwa upande wa ukutani, mwambie "kaa". Lifti ikijaa, ngojeni inayofuata. Mbwa anayejua "ngoja" hamfuati mtu msikitini wala sebuleni kwa mgeni. Hiyo ndiyo heshima tuliyofundwa sisi, na mbwa wetu aibebe.

Watoto, hili ni lenu. Mbwa wengi wanaowang'ata watoto si wageni, ni mbwa wanaowajua. Usimguse mbwa anapokula au anapolala. Mbwa mgeni akikukimbilia, usikimbie wala kupiga kelele: simama kama mti, mikono mwilini, tazama chini. Na mkienda nyumbani likizo, mbwa wa mtaani msimpapase, hata akitingisha mkia. Ninyi mmezoea mbwa wa Minnesota aliyechanjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na watoto ni miongoni mwa wanaoathirika sana. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mwambie mtu mzima, na mwende hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo. Dalili zikishaanza, dawa ya kuokoa karibu haipo.

Narudi kwenye Kiswahili. Mzazi mmoja alinicheka: "Mwalimu, mbwa huyu amezaliwa Wisconsin, Kiswahili atakijulia wapi?" Nikamwuliza mtoto wake amezaliwa wapi. Mbwa hazaliwi na lugha. Anajifunza sauti na kinachofuata baada ya sauti, na "njoo" ni neno zuri kwa sikio lake: fupi, tena linavutika.

Faida kubwa ni ya mtoto. Watoto wetu wengi wanakielewa Kiswahili lakini wanaogopa kukisema, kwa sababu shangazi atacheka lafudhi kwenye simu. Mbwa hacheki. Mbele ya mbwa, mtoto ndiye mwalimu, na kwa mara ya kwanza Kiswahili chake kinatendewa kazi: anasema "kaa", kiumbe hai kinakaa. Kutoka hapo anaingia kwenye "usiruke", "mwite", "mpe maji". Kisha tunamfundisha tofauti iliyo muhimu kuliko zote: mbwa anaambiwa "kaa!", bibi anaambiwa "Shikamoo bibi, karibu ukae." Mtoto akichanganya hayo mawili, tutajua kazi bado ipo.

Mtasema hamna muda. Nami nafanya zamu za usiku, najua maana ya kurudi saa mbili asubuhi miguu imevimba. Lakini ni dakika 15 kwa siku, na nyingine ni za mtoto, si zako. Kama hata hizo hazipo mwaka huu, basi usichukue mbwa mwaka huu. Ni afadhali mtoto alie leo kwa kuambiwa hapana, kuliko aje alie kituo cha wanyama, mbwa akichukuliwa kwa makosa ambayo hakuna aliyemfundisha kuyaepuka.

Mbwa wetu bado yupo. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla hajaacha kujikunja mtu akiinua mkono, na mpaka leo nikishika gazeti huwa ananitazama kwanza. Yale ya miezi mitatu niliyafanya mimi, na yeye hajayasahau yote. Ninyi mnaochukua mbwa sasa, anzeni na kuku.

Jumamosi ijayo, kila mwenye mbwa aje na orodha yake ya maneno matano, ikiwa imeandikwa na mtoto, si mzazi. Asiye na mbwa aandike matano ambayo angemfundisha. Mbwa wenyewe tafadhali wabaki nyumbani.