Utosi wa mtoto si wa kukandwa

Mwaka 1939 Mmarekani William Sutherland alitoa kitabu akidai kuwa mifupa ya fuvu huchezacheza, na ikikandwa taratibu majimaji ya ubongo hutembea vizuri na mwili hupona. Uchunguzi haujathibitisha dai hilo. Lakini sisi wa Mabira tusimcheke, maana huku vijijini nako wapo wanaopaka dawa utosi wa mtoto uliobonyea, wakidhani ugonjwa uko pale pale.

Mtoto anayeharisha hubonyea utosi kwa sababu mwili umeishiwa maji. Anyonyeshwe, apewe maji ya chumvichumvi, akimbizwe zahanati siku hiyo hiyo. Wahudumu wa afya wa vijiji walieleze jambo hili mikutanoni.

Mzazi,
Mabira, Kyerwa.